Dereva Haonji

Saa mbili kasoro robo, stesheni ya Pontevedra.
Nahesabu vichwa: ishirini na tisa,
na mtoto mmoja aliyelala begani, hajalipiwa.
Mimi ni Eladio. Basi hili lina miaka kumi na minne,
mimi nina zaidi, na tukipanda mlima sote wawili twakohoa.

Uxía ameshika kipaza sauti: "Kuliani kwenu, bahari!"
Kulia ni ukungu mtupu, mzito kama uji.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini asubuhi hii hata mimi, niliyezaliwa hapa,
naiamini bahari kwa harufu tu.

Kisha hori linajifunua. Maji yamekupwa.
Wanawake wamo topeni na mabuti ya mpira,
wameinamia reki zao, wanachokora kome mchangani.
Wageni wanashuka na kamera.
Yule wa tatu, mwenye kofia ya kijani,
ni Obdulia, shemeji yangu.
Mgongo wake umepigwa picha
kuliko mnara wa kanisa, na bado unamuuma.
Bila kuinuka, ananipungia reki.

Saa saba, pweza.
Sufuria ya shaba, mvuke hadi darini.
Mpishi anamchovya mara tatu, anamtoa mara tatu,
mikono yake ijikunje kwa adabu,
kisha mkasi: ka, ka, ka, juu ya sahani ya ubao.
Chumvi ya mawe, mafuta ya zeituni,
pilipili nyekundu ya unga.
Naufuta ubao kwa mkate mpaka ubao uombe radhi.
Meza nzima ina vibakuli vyeupe vya divai.
Changu kina maji.

Halafu kwa Herminda.
Mizabibu imetambaa juu ya nguzo za itale,
unapita chini yake umeinamisha kichwa,
na upepo wa hori unaingia bila kubisha hodi.
Herminda anamimina. Wageni wanainua bilauri kwenye mwanga,
wanazungusha, wananusa, wanatafuta maneno:
tofaa; ganda la limau;
bwana mmoja wa Lugo anasema jiwe lililonyeshewa,
kisha anaona haya.
"Na wewe, Eladio?"
Natikisa funguo. Funguo ndizo hunijibia.

Miaka kumi na tisa hivyo hivyo.
Divai yake naijua kwa masikio:
mwaka wa mvua, abiria husinzia kabla ya daraja;
mwaka wa jua, huimba, tena vibaya.
Kuna mwaka mmoja, ule wa moto wa misitu,
walikaa kimya wote,
na mwanamke wa safu ya nne akalia
bila mtu kumuuliza.
Kila mwisho wa msimu Herminda huniita kando: walikuwaje?
Nami humwambia, naye huandika daftarini kwa penseli,
chini ya tarehe ya mavuno.

Leo ndiyo safari ya mwisho ya msimu.
Leo natikisa funguo, naye ananinyang'anya.
"Brais ana leseni ya basi," anasema.
Brais ni mwanawe. Juzi tu alikuwa mtoto
akikimbia mizabibuni huku analia, ameumwa na nyuki.
Anamimina. Watu wote wananyamaza kuniangalia
kana kwamba ni mimi ninayefunga ndoa.
Nakunywa.
"Ina chumvi," nasema.
Wanangoja.
"Ina chumvi. Basi."
Herminda anacheka mpaka anaiweka chupa chini.

Sasa nimekaa safu ya saba, dirishani.
Nyuma yangu mtu ameanza kuimba, wa Lugo nadhani.
Bahari iko kushoto, ukungu umekwisha,
na sikuwahi kuitazama kwa muda mrefu hivi
bila mtu kunipigia honi.
Siimbi. Sisinzii.
Kila kona, mguu wangu wa kulia
unakanyaga breki ambayo haipo.