Kiwanja Namba 117, Kibirizi

Faili hili nalijua kwa uzito.
Lilianza na karatasi moja; sasa nalifunga kwa kamba ya katani.

Mwaka ule ziwa lilipopanda
maji yaliingia Kibirizi bila hodi wala barua,
yakakaa sebuleni kwa Bi Tausi Lumona
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Hati yake ninayo: Kitalu C, namba 117,
vipimo, muhuri, vigingi vinne
ambavyo sasa ngege hujikunia magamba.
Pango la ardhi analipa kila Julai.
"Nalipia nini?" aliniuliza.
Nikasema: ardhi. Nikaona haya, nikagonga muhuri.

Ndipo mkwewe, Ruhuza Ntibakivayo, fundi wa kuchomelea,
akafunga pamoja mapipa ya bluu sitini na manne
yaliyowahi kubeba mawese,
akatandika mbao, akatandika matete,
akapandisha udongo wa Gungu kwa toroli,
akapanda mihogo na mchikichi mmoja.
Kisiwa akakituliza juu ya 117,
kamba nne, vigingi vile vile.
"Sijavamia," alisema.
"Nimerudi kwa mama mkwe, orofa ya juu."

Sheria ikajikuna kichwa.

Bandari walikuja na daftari. Ni chombo?
Kina injini gani, abiria wangapi, maboya yako wapi?
Ruhuza akajibu: hakiendi popote.
Wakaandika: si chombo.
Uvuvi wakauliza kama ni kizimba cha samaki.
Mazingira wakanyoosha utepe, mita sitini toka ukingoni,
lakini ukingo wenyewe ulikuwa umehamia
jikoni kwa mwenyekiti wa mtaa.
Sisi wa Ardhi tulijibu kwa kurasa mbili
kwamba ardhi ni kile kisichotikisika.
Niliichapa mimi, juu ya meza
ambayo mguu wake mmoja naukingia kipande cha boksi.

Usiku mmoja wa Machi kamba zikakatika.
Siku tatu mchikichi ulisafiri kuelekea magharibi
hadi simu ya Ruhuza ikaita ujumbe: karibu Kongo.
Humo humo mkewe, Mapendo, akajifungua
mtoto wa kike,
mahali ambapo ramani ina mstari wa nukta
na maji hayana.
Boti ya dagaa iliwavuta kurudi.
Uhamiaji walikuwa wamesimama ufukweni, suruali zimekunjwa.
Mmetokea nchi gani?
Mapendo akasema: hatujatoka nyumbani.

Fomu ya kizazi ina kisanduku: Mahali pa Kuzaliwa.
Msajili aliniletea mimi, eti ni suala la ardhi.
Nikamwambia ni la bandari.
Tulikaa nayo mpaka chai ikapoa.
Mwishowe akaandika "Nyumbani", kwa penseli.

Mwaka huu ziwa limeshuka.
Kisiwa kikashuka nalo, taratibu, kikakalia
msingi wa zamani wa Bi Tausi,
ila kombo: kona moja imeingia mita mbili
ndani ya 118, kwa Sefu Kagina,
ambaye juzi alileta malalamiko, nakala tatu.

Nakiri, nilifurahi.
Mgogoro wa mpaka! Huo naujua.
Una kifungu, una fomu, una ada,
una siku ya kwenda na mkanda wa kupimia.
Nilikwenda. Nilipima. Nikakuta
mtoto anatambaa kwenye mihogo
na chini ya mbao mapipa yote sitini na manne,
vifuniko vimekazwa, hakuna lililotobolewa.
Mbona huyatoi, nikamuuliza Ruhuza.
Akatazama ziwa kidogo,
akasema niandike ninachokiona.

Nikaandika: kiwanja kipo.
Kisha, pembeni, kwa herufi ndogo: leo.