Vua Viatu

Kilima hiki, nyuma ya Marafa, hakikupewa jina na ramani.
Kilijipa chenyewe, masika baada ya masika:
Vua Viatu.
Mvua ikishanyesha, ukifika chini yake
unavivua, unafunga kamba kwa kamba, unavitundika shingoni,
vidole vinauma udongo mwekundu.
Mwalimu huvua. Nesi huvua. Karani wa kura alivua,
sanduku kichwani, soksi mfukoni.

Sasa amekuja Mhandisi Shekuwe, na darubini ya miguu mitatu.
Kazi yangu kushika ufito.
"Simama wima, Ngumbao!"
Nasimama wima, mimi niliyezaliwa mteremkoni,
ambaye mguu mmoja, mama husema,
ulirefuka kidogo kumfuata mwenziwe.

Anasoma. Anaandika. Anaguna.
"Kumi na nne kwa mia. Lori la mananasi
litarudi kinyumenyume mpaka Malindi."

Karatasini ana mistari mitatu.
Wa kwanza umenyooka kama dai la mkopo:
unapasua kilima tumbo, na tumbo ni mchanga mtupu,
utamwagika mvua ya kwanza.
Wa pili unazunguka kilomita sita,
unaiacha zahanati inatazama mgongo wa barabara.
Wa tatu kauchora kwa penseli. Hauamini.

Ndipo akapita Mbeyu na punda wake, madumu manne ya maji.
Punda akaenda kushoto hadi kwenye kisiki cha mkorosho,
akageuka, akavuta pumzi,
akapanda kulia, akageuka tena.
Shekuwe alimfuata kwa darubini. Akanyamaza.
"Ngumbao. Nenda nyuma yake."

Nikaenda, ufito mkononi, mkia usoni,
kama bwana harusi aliyekosea msafara.
Kila hatua arobaini, simama.
Saba kwa mia. Sita na nusu. Nane. Saba.

"Nani alipima hapa?"
"Baba yake huyu," Mbeyu akampiga punda kofi la kiunoni,
"na mimba zangu tano."

Mhandisi akacheka, kisha akaacha kucheka,
kwa kuwa njia ya punda ni futi moja na nusu
na barabara inataka mita kumi na tano, mitaro mbali.
"Hizo kumi na tano zinafika wapi?" Mbeyu akauliza.
Nikahesabu kwa miguu, polepole, nikiomba zipungue.
Nikapita mihogo. Nikapita kamba ya nguo.
Nikasimama jikoni kwake, kwenye figa la tatu.

Hakuna aliyesema fidia. Neno lilikuwepo,
limekaa nasi kama mgeni asiyekaribishwa.
Mbeyu alilitazama figa.
"Masika, gari la wagonjwa litapanda?"
"Litapanda."
"Mtu ndani, amelala?"
"Amelala."
Akaepua chungu, akasogea, nipate pa kugongea.

Nyundo yangu haikupata sauti siku ile.
Kigingi namba thelathini na moja, kichwa chekundu.
Ukiniuliza leo, nitakuonyesha nilipokipinda
hatua mbili kuelekea bondeni.
Darubini ilikuwa imefungwa. Shekuwe alikuwa anafunga daftari,
au alijifanya.

Usiku ikanyesha.
Tulishuka gizani, chombo begani mwangu,
viatu vya mhandisi shingoni mwake,
vinagongana.

Ripoti ilipigwa chapa mjini, kurasa tisini.
Mstari wa tatu umependekezwa.
Punda hakutajwa.