Mkia wa Neno

Darasa letu ni ghala la tumbaku la zamani, Arua, upande wa Oli.
Majani yalihamishwa kitambo, harufu ingali kwenye boriti.
Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
wanafunzi huja na viti vyao kichwani.

Jumanne nikaandika neno ubaoni, nikalikata kwa chaki
kama muuza nyama anayetafuta kiungo:
hope, nikasema, tumaini. Hili ndilo shina.
Ukibandika -less, tumaini limekwisha.
Ukiongeza -ness, kule kuishiwa kwenyewe
kunapata jina, kunavuta kiti, kunakaa.

Adriko, mlinzi wa benki, akauliza
mbona Mwingereza huanza na jema
kisha hulinyonga kwa nyuma?
Sisi kwa Kiswahili husema ha- mapema:
hatuna, haji, hapana.
Mtu anajua tangu mlangoni.

Nikakosa jibu. Nikafuta ubao.

Ndipo muuza unga wa muhogo,
ambaye miezi mitatu sauti yake ilikuwa «nipo» tu,
akanyoosha mkono, mweupe hadi kiwiko.
«Mwalimu, hata jina langu lina mkia.
Candiru. Hiyo -ru ni ya mwanamke.
Ningezaliwa mvulana, ningeitwa Candia.
Shina ni lile lile: mateso.
Mama alinizaa njiani, wakikimbilia Zaire.
Hakuwa na neno jingine mkononi.»

Hakuna aliyecheka.
Nikawapa kazi ya nyumbani: maneno matano yenye -less.

Usiku huu nasahihisha, taa ya sola inafifia.
Adriko ana mawili sahihi,
matatu kanakili kwa jirani, pamoja na makosa ya jirani.
Mwingine kaandika «bless».
Nimecheka peke yangu, nikampa nusu alama.

Candiru ana neno moja tu,
kaliandika mara tano, herufi kubwa,
kalamu imechimba hadi ukurasa wa pili:

CANDILESS

Kamusi hailijui. Nimetazama, kana kwamba ningelikuta.
Wino mwekundu umeshagusa karatasi,
nukta ndogo, kama alama ya kiroboto,
na mkono umekwama hapo:
niivute iwe mkasi,
au niikunje iwe vema?

Ukurasa una unga pembeni.
Nimeupuliza, haukutoka.

Jumanne atataka daftari lake.