Daftari la Korongo

Kulabu ilifika kabla ya tishari,
imeviringishwa gunia kama mtoto mchanga,
ikalala forodhani siku kumi na tatu
sisi wana wa chuoni tukiipanda kama punda.

Kisha, siku ya maji mafu, likaja lenyewe,
limekokotwa tangu Kilindini,
mguu mmoja wa chuma katikati ya mkondo wa Amu.
Serikali ililiandika Namba Nne.
Mwana Somoye alichungulia darini, akasema: Korongo.
Basi.

Baba, Shebwana Famau, alipewa wenzo
kwa kuwa alikuwa mhesabu boriti
na hakuwahi kukosea korija.
Daftari lake ninalo. Nasoma:

Injini ya taa za mji. Tani sita. Salama.
Matangi ya mafuta, mawili. Salama.
Kasha la vitabu vya skuli. Limelowa upande. Salama.
Punda wa Bwana Madi, ameanguka gatini. Bila malipo. Salama.

Punda huyo namkumbuka:
ananing'inia juu ya mji, miguu minne imelegea,
akitutazama madarini kama kadhi.

Ukurasa wa thelathini na moja hauna tani.
Una tarehe, na jina: Kupi.
Kupi Athman, mfunga minyororo.
Ilikuwa bamvua, maji yanakwenda mbio,
baba alisema tungoje,
na mkuu wa gati akatazama saa yake.
Kurasa mbili zinazofuata ni nyeupe.

Mngurumo ulimla masikio.
Nyumbani tulimsemesha kwa mikono:
kidole angani, yuu;
kiganja kitandani, tini;
vidole viwili vikibanana, taratibu,
hata kwa kikombe cha kahawa.

Nilimpeleka Kililana kuziona winchi mpya,
ndefu, zimejipanga kando ya gati.
Akatazama muda mrefu. Akasema kwa sauti kubwa,
kama wasemavyo viziwi:
"Hizi zimesimama juu ya simiti.
Wa majini huinama kwanza.
Kila alichokiinua kimemzamisha kidogo,
nawe ulioko ndani unakijua kwa magoti."
Mlinzi akatuomba tusogee.

Mwezi wa Shaabani wakaja wanunuzi wa chuma chakavu,
wakamkata kwa gesi pale Mokowe, kwenye tope la mikoko,
vipande vikapanda lori.
Niliomba stakabadhi, nikamletea baba.
Miaka yote ile alipima mizigo ya watu;
yeye mwenyewe Korongo hakuna aliyempima.

Tani arubaini na moja na nusu.

Baba akataka kalamu.
Akaandika jina, akaandika tani,
mkono ukasita. Akaniuliza:
"Nani aliyemshusha?"
Nikatikisa kichwa. Hakushushwa,
walimkata vile vile amesimama.

Akapuliza wino ukauke.
Mahali pa salama
akapaacha.