Nyongo Mkalia Ini

Miezi minane bila kuanguka.
Niliihesabu kwa mkaa nyuma ya mlango,
barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kila mstari na alhamdulillahi yake,
kwa sauti ndogo, nisije nikakiamsha kifafa.

Kisha asubuhi moja Mbaruku akakataa chai.
Akakataa na mkate wa ajemi.
Nikasema deko hilo.
Nikamsogeza dirishani nimkemee vizuri,
nikaona:
weupe wa macho yake umetiwa bizari.

Ile dawa iliyomshika asianguke
ilikuwa ikimla mahali nisipopaona.

Bombo walitoa damu, vichupa viwili.
Daktari Mhina akauliza, bila kupandisha sauti,
"Na nini kingine mnampa?"
Nikatazama kandambili zangu.
Mizizi ya Bi Mwanakombo, ya kusafisha damu.
Panadol, kila kichwa kikimgonga.
Na siku ile alipotapika nilimrudishia kipimo,
nikaongeza na tone juu yake, kwa mapenzi.

Hakunikata maini.
Alilichora ini nyuma ya cheti, kama papai lililolala,
akasema: huyu ni mwosha vyombo.
Kila kinachoingia mwilini kinapitia karai lake.
Msimrundikie masufuria ya nyumba tatu.

Usiku ule nilitaka kuimwaga chooni, chupa nzima.
"Ukiikata peke yako," alikuwa ameniambia,
"kifafa kitarudi na ndugu zake."
Wakamlaza siku tisa.
Ya zamani ikishuka, mpya ikipanda,
wao wakipima, si mimi na kijiko changu,
kama watu wanaopitisha kitanda mlangoni:
huku taratibu, huku shikilia, huku taratibu.

Alianguka mara moja, wodini, alfajiri.
Nikamlaza ubavu. Nikahesabu. Akarudi.

Sasa kila mwezi tunapanda Bombo kutoa damu.
Mizizi nimeirudisha kwa mwenyewe;
Bi Mwanakombo hajaijibu salamu yangu tangu Rajabu.
Mlangoni nimefuta mkaa, nimeanza moja,
na pembeni nimeongeza safu nyingine, ya macho.

Kabla ya uji namwita dirishani.
Tazama juu. Tazama chini.
Ana miaka kumi na moja, amechoka na mimi.
"Mama, kwani mimi changu wa sokoni,
unanikagua macho hata kununua hununui?"

"Changu," namjibu.
"Geuka kwenye mwanga."