Kwa Mihambo, Kabla Hujapanda Manyovu

Shemeji, kwanza koti.
Najua huko Urambo jua linakausha tumbaku na watu pamoja,
lakini huku ukungu unaingia bila hodi,
unakaa kwenye kigoda, unasubiri chai.
Lete koti. Hata la kuazima.

Ukishuka treni Kigoma, usihangaike na ziwa.
Lipo, litakungoja.
Pita sokoni Mwanga, nunua migebuka miwili ya moshi,
maana huku juu samaki ni mgeni kuliko wewe.

Kona zikianza, tazama mbele, usitazame bonde.
Mpimaji mmoja wa ardhi alitazama bonde
akatapika kwenye kofia ya mchungaji;
tunaisimulia kila Krismasi,
na kila Krismasi kofia inazidi kuwa kubwa.

Ukiuliza njia, usiulize kilomita.
Uliza mabonde.
“Hapo tu” ni mabonde mawili.
“Mbele kidogo”: tafuta pa kulala.
Na mtu akikuonyesha kwa mdomo si dharau,
mikono imeshika jembe.

Viatu vyeupe acha kwenu.

Kupanda utaweza, kila mgeni anaweza, kwa aibu tu.
Kuteremka ndiko kunakowaumbua.
Magoti ya tambarare hayana breki.
Teremka ubavu, kama unapita mlango mwembamba,
na mtoto wa miaka sita akikupita na dumu kichwani
mpishe, umshukuru.

Ukikutana na mtu, simama.
Salamu ya huku hairushwi kama jiwe.
Inama kidogo, piga makofi polepole, sema *mwakeye* kama ni asubuhi,
kisha ngoja akuulize mvua, ng'ombe,
na wote uliowaacha Urambo ambao hawajui hata kwa jina.
Utaona anakuchelewesha.
Mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa:
anakupa muda moyo ushuke kutoka kooni.

Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi.
Mpaka hauna ukuta. Una maharage.
Mbuzi wetu mmoja amelala ng'ambo mara tatu
akarudi ameshiba, hakuhojiwa.
Wewe utahojiwa.
Watakaokubadilishia faranga watacheka nawe sana;
hesabu noti, halafu ndiyo ucheke.

Na usiiamini simu.
Ukifika mgongoni mwa mlima inadaka mnara wa Burundi
na saa inarudi nyuma, saa nzima, hivi hivi.
Mpwa wako alizaliwa hapo katikati.
Simu ya nesi ilisema saa kumi na moja,
saa ya ukutani ikasema kumi na mbili,
na ukoo mpaka leo haujaelewana.
Baba yangu ana daftari, shangazi Zilahuye ana kiapo.
Aliyekuwepo kweli ni Kalunde,
na hakuna aliyemuuliza.

Sasa kuhusu dada yako.
Mwaka wa kwanza, kila Jumapili alipanda kule juu peke yake.
Kaka yangu Gwimo alidhani anasali.
Nikamfuata. Alikuwa amesimama anageuka, anageuka,
kama mtu anayetafuta dirisha kwenye nyumba ya watu.
Akaniambia: wifi, kwetu ng'ombe akipotea
unamwona anavyopotea kutwa nzima.
Huku kitu kinageuka kona tu, basi.

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kubeba kuni.

Usimuulize kama amezoea.
Atasema ndiyo, kwa sababu mimi nitakuwa jikoni nasikia.
Mwombe akupeleke kisimani.
Nenda nyuma yake, na koti lako, na magoti yako,
umtazame anavyoteremka:
ndoo imejaa, mtoto mgongoni, mikono inaning'inia bure,
na kwenye ile kona mbaya ya jiwe, anapoanza kupotea machoni,
ngoja uone kama atageuka.

Nami niandikie. Mimi hunionyeshi kwa mdomo.