Umepungua Njiani

Bombo, saa tatu asubuhi, foleni ya mizani.
Baba anavua makubadhi, anayapanga sambamba
kama anayeingia msikitini,
kisha anapanda, mikono kando, kidevu juu.
Muuguzi Ndekirwa anasoma bila kuinua kalamu:
"Hamsini na moja."

"Hamsini na moja nini?"

"Kilo, babu. Kilo."

Akacheka baba yangu hadi kikohozi kikamdaka.
"Mwaka niliomwoa mama yake huyu
walinipandisha kwenye kapani la ghala la mbata,
upande huu mimi, upande ule mawe ya chuma,
nikatulia kwenye frasila tano, kamili, bila shati.
Tano! Leo hamsini na moja.
Andika, mwanangu, kwa wino mweusi:
Mbwana Kidege amenenepa mara kumi."

Benchi zima likaangua kicheko,
hata yule mama mwenye mguu uliofungwa plasta.
Nami nikacheka, macho yangu kwenye mshipi wake:
matundu matano ya fundi,
na matatu zaidi niliyoyatoboa mimi, kwa msumari.

"Frasila ndiyo kitu gani?" akauliza muuguzi.
Yeye tangu utotoni ni mtu wa kilo na gramu,
kadi yake ya kliniki ilichorwa mistari.
Mimi nilizaliwa ratili sita na nusu;
ipo nyuma ya mlango, kwa chaki, haijafutika.

Baba akanyoosha mkono,
akahesabu kwa pingili za vidole, akighani kidogo
kama walivyofunzwa vijana wa ghalani:

*Wakia kumi na sita, ratili moja huleta,*
*thelathini-tano ita, frasila utaipata.*

"Vizuri, babu," akasema Ndekirwa,
"ila dawa hii tunaipima kwa kilo."
Akaandika 51. Akaipigia mstari chini, mara mbili.
Mstari wa pili sikuupenda.

Nikampakia nyuma ya baiskeli.
Hapo ndipo palipo mizani yangu, kwenye pedali:
haina mshale, haina mawe,
goti tu linalokumbuka.
Mwaka jana, kutoka Bombo hadi Ngamiani,
nilipumzika mara mbili.
Leo tumevuka reli sijahema.

Barabara ya kumi na mbili, nyuma ya mgongo wangu,
sauti yake, ya chini, isiyo ya benchi:

"Frasila tatu, ratili saba."

Nikaacha kukanyaga. Baiskeli ikajiendea.

"Na wakia saba,
lakini hizo ni za kanzu, usizihesabu."

"Kumbe ulijua?"

"Miaka ishirini na miwili napima mali za watu.
Nilijua kabla mshale haujatulia.
Lakini wewe ulikuwa umesimama pale, umekunja uso
kama kitambaa kibichi. Ningefanyaje?"

Akanyamaza mpaka tukapita duka la vipuri.

"Frasila moja, ratili ishirini na saba hazionekani.
Ghalani mzigo ukirudi hivyo, hatugombi na mizani.
Karani anafungua daftari,
anaandika kwa penseli: umepungua njiani.
Hakamatwi mtu."

Sikuwa na la kusema.
Nikasimama kwa muuza machungwa ya Muheza,
nikanunua kilo nne nisizozihitaji,
nikampakatisha mfuko mzima,
nione kama goti litadanganyika.

Akauinua kwa mkono mmoja, ule unaotetemeka.
Akaushusha. Akauinua tena, amefumba macho.

"Kilo nne?
Hizi ratili nane hazifiki.
Rudi ukamwambie aongeze mawili."